Zungumzeni pesa kabla hummus haijafika mezani

Kuna meseji moja sijaifuta kwenye simu yangu. Inasema nimemtumia dada yangu mdogo shilingi 3,000, asubuhi ya Jumatatu. Pesa ilitoka kwangu, ikafika kwake, na hakukuwa na hitilafu yoyote ya mtambo. Lakini dawa za presha za Mama, ambazo ndizo nilikuwa nimezitumia pesa hiyo, hazikununuliwa. Mama alikaa siku 4 bila kumeza hata kidonge kimoja.

Ili uelewe pesa ilienda wapi, inabidi nikurudishe siku 9 nyuma, Jumamosi jioni, kwenye mkahawa mmoja wa Kilebanoni hapa Westlands. Na nikuombe radhi mapema, manake mimi kazi yangu ni hii ya kuelimisha wateja kuhusu malipo ya simu. Kama kuna mtu kwenye familia yetu aliyefaa kujua, ni mimi.

Mama alikuwa anafikisha miaka 70. Alipanda treni Voi pamoja na dada yetu kitinda mimba, tukawapokea Syokimau, na binti yangu akasema nyanya lazima apelekwe mahali hajawahi kula. Kwenye grupu ya familia nikaandika, "Jumamosi tunampeleka Mama dina, tutachanga." Watu wakaweka dole gumba. Hakuna aliyeuliza tutachanga ngapi, na mimi sikusema. Tulikuwa watu 11: Mama, kaka yetu mkubwa na mkewe, mjomba, mimi na mume wangu, dada, na watoto 4.

Sasa, kama hujawahi kukalia meza ya Kilebanoni, kuna jambo moja unafaa kujua kabla ya kuingia. Wao hawaanzi na sahani ya kila mtu. Wanaanza na mezze, yaani visahani vingi vidogo vinavyowekwa katikati, kila mtu anamega mkate bapa na kuchovya anapotaka. Kuna hummus, ambayo ni dengu nyeupe zilizosagwa na tahini, ule uji mzito wa ufuta, zikatiwa ndimu na kitunguu saumu. Kuna mutabbal, biringanya iliyochomwa kwenye moto hadi ganda likawa jeusi. Mama aliionja akasema, "Hii imeungua," kisha akala nusu ya sahani. Kuna tabbouleh, ambayo ni majani yaliyokatwa vidogo sana, nyanya, mnanaa, ndimu na ngano kidogo iliyovunjwavunjwa. Mjomba aliita hiyo kachumbari ya mbuzi. Kuna kibbeh, nyama na ngano zilizofinyangwa kama yai na kukaangwa. Na kuna ule mchuzi mweupe wa kitunguu saumu, toum, ambao watoto waliumaliza hadi gari zima likanuka tukirudi nyumbani.

Raha ya mezze ni kwamba hakuna chakula cha mtu. Na hapo ndipo hesabu inapopotea. Kwenye hoteli ya kawaida kila mtu anajua aliagiza nini: wewe pilau, mimi chapati na ndengu, tunajuana. Kwenye mezze, visahani vikiisha weita anainama kwa heshima na kuuliza, "Niongeze?" Na mtu mmoja tu akisema ndiyo, wote mmesema ndiyo. Kwetu aliyesema ndiyo ni mjomba. Visahani 5 vya 900 vikaongezwa, hiyo ni 4,500, na bado mishikaki haikuwa imefika.

Dada yangu alikunywa maji. Nilimwona akipindua menyu, akitazama upande wa kulia kuliko na bei, akaifunga. Nilidhani hapendi juisi.

Bili ikaja: shilingi 32,130. Ndani yake kulikuwa na 1,530 za huduma, asilimia 5, zilizoandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu. Kaka akainua mkono, "Hii ni yangu," akaingiza nambari ya tili na kulipa yote. Tukampigia makofi. Lakini mimi nilijua kaka ana karo za watoto watatu na mhula ulikuwa unafunguliwa wiki hiyo, nikaona si haki abebe mzigo peke yake. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikagawanya kwa watu wazima 6 wasiokuwa Mama. Ikatoka sawasawa bila senti: 5,355. Hata nilifurahi kwamba imegawanyika vizuri namna ile. Nikaandika kwenye grupu, "Kila mtu amtumie kaka 5,355."

Kabla hatujafika kwenye magari, wote walikuwa wametuma. Hata shemeji alimtumia mumewe, tukacheka. Dada naye alituma.

Dada hakuwa na kazi. Na sisi sote tulijua. Alikuwa kwenye hoteli moja ya Pwani, msimu ukaisha Februari, akapunguzwa na wenzake, akarudi Voi kukaa na Mama. Wote tulikuwa tumempa pole. Lakini ile jioni, kwenye kikokotoo changu, yeye alikuwa mmoja kati ya 6, sawa na kaka mwenye mshahara na sawa na mjomba mwenye matatu mbili barabarani.

Kwenye simu alikuwa na mia tisa na kitu. Zilizobaki alifuliza.

Hapa nitasimama kidogo kwa sababu watu wengi wanaotumia huduma hii hawajawahi kuelezwa inavyofanya kazi baada ya ile dakika ya kubonyeza kukubali. Unapolipa au kutuma zaidi ya salio lako, simu inakuuliza kama unataka ikuongezee. Ukikubali, malipo yanapita na aliye upande wa pili hajui chochote. Yeye anaona pesa tu. Wewe sasa una deni lenye ada inayohesabiwa siku baada ya siku. Na deni hilo halingojei ulilipe kwa hiari. Pesa yoyote itakayoingia kwenye laini yako, iwe mshahara, zawadi, pesa ya chama au ya mtu mwingine uliyemwekea tu, inaanza kwa kulipa deni. Huulizwi pesa hii ni ya nini. Mtambo haujui tofauti kati ya pesa yako na pesa ya dawa za mama yako.

Kwenye Kiswahili chetu cha zamani kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Sijui kama aliyechagua jina hilo alikuwa anatuchekesha.

Kwa hiyo Jumatatu ile, 3,000 zangu zilipofika Voi, zilikatwa zote. Dada akabaki na meseji mbili, moja ya kupokea na moja ya kukatwa, na duka la dawa lililofunguliwa mbele yake. Angeweza kunipigia. Hakunipigia. Angesemaje? "Ile pesa ya dawa imelipia kibbeh"? Alienda kumwomba jirani, jirani hakuwa nayo, akangoja kibarua cha kufua alichoahidiwa Ijumaa. Mama hakujua, aliambiwa dawa zimekosekana mjini. Nilikuja kujua nilipompigia Mama jioni ya Alhamisi akaniambia kichwa kinamgonga.

Namshukuru Mungu ilikuwa ni kichwa tu.

Watu wakisikia hadithi hii huwa wanakimbilia kulaumu. Wengine wanamlaumu dada, mbona hakusema hana? Wengine wanalaumu mkopo. Mimi maoni yangu ni kwamba kosa lilifanyika mapema zaidi, wakati nilipoandika "tutachanga" bila kuandika kiasi, likakamilika nilipogawanya sawa kwa sawa. Kugawanya sawa kunaonekana ni haki kwa sababu nambari zinalingana. Lakini 5,355 ya mjomba na 5,355 ya dada si pesa moja. Kwa mjomba ile ni mafuta ya siku moja ya gari moja. Kwa dada ilikuwa ni deni la mwezi.

Nilipomweleza kaka alinijibu, "Sasa wewe unataka tuanze kuitisha bajeti kwa dina ya Mama? Unaharibu raha." Mjomba akaongeza kwamba kwetu mgeni haulizwi na chakula hakihesabiwi. Nawaheshimu, lakini hapo nawapinga. Sisi Wakenya si watu wa kuona haya kuhesabu. Mtu akifa leo, kufikia jioni kuna grupu, kuna mweka hazina, kuna bajeti ya jeneza, mahema, basi na hata maji ya kunywa, na kila anayetuma jina lake linaandikwa na kiasi chake kando yake. Kwenye harambee mtu anasimama na maikrofoni kutangaza nani ametoa ngapi. Harusi ina kamati miezi sita. Chama kina daftari. Kwa nini basi mama akiwa hai, ameketi mbele yetu na shali yake mpya, ndipo kuhesabu kunakuwa utovu wa adabu?

Hata hao Walebanoni wenyewe hawaogopi neno hilo. Kwao ukitaka bili unaomba "hsab", na hiyo ni hesabu yetu ile ile, neno la Kiarabu lililotufikia kwa njia ya Pwani pamoja na sahani, bei, deni na sukari. Ni kweli nao wana ule mchezo wa kugombania bili; mwenye kujua mbinu hujifanya anaenda msalani kumbe amemwendea keshia. Lakini nchi yao imepitia shule ngumu ya pesa. Pauni ya Lebanoni ilikaa kwenye kiwango cha takriban 1,500 kwa dola moja tangu 1997. Kuanzia mwisho wa 2019 benki zikawazuia watu kutoa akiba zao, na pauni ikaporomoka hadi karibu 90,000 kwa dola. Noti ya pauni 100,000, iliyokuwa kubwa kuliko zote, leo haifiki dola moja na nusu. Mikahawa ikahamia bei za dola, na watu wakarudi kutembea na noti taslimu mfukoni. Maandamano ya Oktoba 2019 yenyewe yaliwashwa na pendekezo la kutoza simu za WhatsApp. Watu waliopitia hayo hawawezi kukushangaa ukiuliza bei kabla ya kukaa.

Sisi tuko na bahati nyingine. Simu zetu zinatuma pesa kwa sekunde, na ndiyo maana tumezembea. Zamani ungetoa noti mfukoni, na kama hazipo hazipo, kila mtu anaona na mtu anakuokoa. Sasa mfuko hauonekani. Dada yangu alilipa kwa uso mkavu, kidole kikabonyeza, na sisi tulioketi naye hatukuona kitu. Kasi ya malipo si kasi ya mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yaliyokosekana.

Basi hivi ndivyo tunavyofanya kwetu siku hizi. Mtu mmoja, mara nyingi mimi, anamwandikia kila mtu kwa faragha, si kwenye grupu. Namwuliza, "Utaweza kutoa ngapi? Sifuri pia ni jibu, na halitatoka hapa." Hilo la faragha ndilo muhimu. Kwenye grupu mtu wa kwanza akiandika 5,000, wa pili hawezi kuandika 500 hata kama ndiyo aliyo nayo. Nikishapata majibu najumlisha, na jumla hiyo ndiyo dari ya jioni. Nalipigia simu mkahawa, nawaambia tuko wangapi na tuna kiasi gani, nauliza kama menyu imejumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16, ile tozo ya utalii ya asilimia 2, na malipo ya huduma. Wengi huwa wamejumlisha, wengine huweka huduma kando, kama tulivyokutana nayo sisi. Ukishajua hivyo, hata ile chai ya weita unaamua ukiwa na akili timamu, manake huenda umeshamlipa.

Na weita akija kuinama na kuuliza "Niongeze?", kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kujibu. Kwetu si mjomba.

Kuhusu kulipa kwenyewe, sina mengi. Si lazima mtu mmoja alipe yote kisha wengine wamrudishie. Ile jioni ada ya kutuma ilikatwa mara 5 bila sababu yoyote, wakati tili hiyo hiyo ingepokea malipo matano tofauti kama tungemwambia keshia mapema. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Mara nyingi jina la tili si lile lililo kwenye bango la mkahawa, ni la kampuni iliyosajiliwa, kwa hivyo mwonyeshe weita athibitishe. Na akikupa nambari yake ya simu ati "tuma hapa ni sawa tu", usitume. Bili inalipwa kwa tili, na chai yake mpe kando.

Kuna moja lingine nililojifunza kwa uchungu. Kama pesa ina kazi maalum, ipeleke moja kwa moja kwa kazi hiyo. Duka la dawa la Voi lina tili. Ningeweza kulipa dawa za Mama nikiwa nimekaa jikoni Nairobi, nikapiga simu dukani kuwasomea nambari ya muamala, na dada akaenda kuchukua tu. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Hainigharimu zaidi, na haimlazimu dada kuniambia jambo ambalo hataki kuniambia. Na kama unamtumia mtu pesa ya mtu mwingine, mwulize kwanza, kwa upole, "Hiyo laini yako iko sawa?" Atakuelewa. Kila mtu siku hizi anaelewa swali hilo.

Deni la dada tulilimaliza kaka na mimi. Nilimwambia samahani, na hakutaka kuzungumza sana juu yake. Aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini sikumwacha nje ya hesabu. Nikamwambia niliogopa kumwaibisha mbele ya watu. Akanitazama kwa muda.

Agosti Mama alikuja tena kliniki, na watoto wakalilia ule mchuzi wa kitunguu saumu. Nikawaandikia wote kwa faragha. Mjomba alijibu 8,000 bila maneno. Kaka 5,000, shemeji 3,000, mimi na mume wangu 5,000 pamoja. Dada aliandika "sifuri" na ka-uso kanakocheka. Jumla 21,000. Mkahawa ulitupangia mezze mara moja, mishikaki sinia 3, na birika za chai ya mnanaa, tukabakiwa na chenji. Dada aliagiza juisi. Mjomba alifungua mdomo weita alipoinama, akanitazama, akaufunga.

Usiku ule simu yangu ililia. Mama alikuwa amenitumia shilingi 500. Chini yake akafuatisha meseji, kwa zile herufi kubwa zake za ualimu: MBONA MIMI HAMKUNIULIZA.